Banda la gemu linalipa? Hesabu iko kwenye saa za kiti

Jumamosi saa kumi jioni, fremu ya mdogo wangu kule Mbagala haipitiki. Runinga nne ukutani, vijana wanane wameshika pedi, na nyuma yao wengine wamesimama wakisubiri zamu, kila mmoja kajifanya kocha. Goli la dakika za mwisho likiingia, kelele zinafika hadi kwa muuza chipsi upande wa pili wa barabara. Mpita njia akichungulia pale anapiga hesabu ya harakaharaka: mechi moja shilingi 500, mashine nne, kutwa nzima, huyu bwana ana hela. Wiki inayofuata ananitafuta kuniuliza mashine ya gemu ya PS4 iliyotumika inauzwaje Kariakoo.

Huwa namwomba arudi Jumanne saa nne asubuhi. Atakuta fremu ileile, feni inazunguka, runinga tatu zimezimwa, na kijana msimamizi anacheza na mashine yenyewe ili asisinzie. Jumamosi ile ni ya kweli na Jumanne hii ni ya kweli. Anayetaka kujua kama biashara hii inalipa lazima azipige zote mbili kwenye hesabu moja.

Wengi hudhani banda linauza gemu. Gemu ni ileile kila mtaa, na hata nyumbani kwa watu ipo. Banda linauza saa za kiti. Kiti cha daladala kikiondoka stendi kitupu, nauli yake imekwenda. Huwezi kesho kuuza kiti cha jana. Muuza mchele asipouza leo, mchele ataukuta kesho dukani. Mwenye banda, saa ya Jumanne asubuhi ikipita bila mchezaji, haipati tena, ilhali kodi ya fremu na mshahara wa kijana vimeihesabu.

Tuweke namba. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mtaa una zake, ila hesabu yenyewe haibadiliki. Mashine moja na benchi lake nitaiita kiti kimoja. Mechi ya dakika sita kwa kila kipindi inakula robo saa ukijumlisha kuchagua timu, kupanga kikosi na ubishi. Kwa hiyo mpita njia wetu anasema: mechi nne kwa saa, 2,000; viti vinne kwa saa kumi na mbili, 96,000 kwa siku; kwa mwezi karibu milioni 2.9. Hapo ndipo anapokwenda kukopa.

Sasa hesabu ya aliyekaa ndani. Kwanza, saa moja haitoi mechi nne, inatoa tatu, kwa sababu kuna anayesubiri mwenzake, anayetafuta chenji, anayeomba marudio. Saa ya kiti basi ni 1,500. Pili, siku za kazi kiti kinakuwa na watu kwa saa nne hivi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Jumamosi na Jumapili kinafika saa nane. Siku ya kazi viti vinne vinaleta 24,000, ya mapumziko 48,000. Chukua mwezi wenye siku 22 za kazi na 8 za mapumziko: unapata 912,000. Ni chini ya theluthi ya ndoto ya mpita njia, na hilo ni banda linalofanya vizuri.

Toa kodi ya fremu, tuseme 120,000, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Toa kijana msimamizi, 250,000. Umeme wa biashara, ukinunua LUKU ya 10,000, unapata uniti 28 na ushee. Mashine, runinga, feni na taa kwa mwendo huo zinakula uniti 150 hivi kwa mwezi, yaani kama 55,000. Pedi, kutengeneza na kununua, 60,000. Taka na ulinzi shirikishi 15,000. Bando la kusasishia gemu 20,000. Leseni ya halmashauri na kodi ya TRA, ukizigawa kwa miezi, 35,000. (Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayadaiwi kodi ya mapato, lakini banda hili linavuka hapo ndani ya mwezi wa tano, basi asikudanganye mtu.) Jumla 555,000. Mkononi inabaki 357,000.

Hapo wenye mabanda wengi hufunga daftari na kwenda kula. Ndipo kosa kubwa kuliko yote katika biashara hii linapofanyika, kwa sababu ndani ya hiyo 357,000 mna pesa ambayo si faida. Mashine nne za 600,000 na runinga nne za 300,000 ni milioni 3.6. Ukizipa maisha ya miaka mitatu, kila mwezi zinachakaa kwa 100,000. Ukiila hiyo laki, unakula mashine kidogokidogo bila kuona. Faida ya kweli ni 257,000. Kwa mtaji wa milioni 4 na kitu, ukijumlisha mabenchi, nyaya na vilinda umeme, mtaji unarudi baada ya mwaka na miezi kadhaa kama hakuna kilichoharibika.

Basi inalipa? Kwa namba hizi, ndiyo, kwa wastani. Lakini hebu punguza robo tu ya wachezaji. Kiti kiwe na watu saa tatu badala ya nne siku za kazi, na saa sita badala ya nane wikiendi. Mapato yanashuka hadi 684,000. Matumizi hayashuki nayo, maana fremu, kijana na leseni haviulizi wameingia wangapi. Umeme utaokoa elfu nane hivi. Baada ya kutenga ile laki ya uchakavu unabaki na 37,000. Robo ya wachezaji imeondoka na karibu faida yote. Na robo ya wachezaji ni kitu chepesi kuondoka: mtu anafungua mtaa wa nyuma na kuchezesha kwa 300, au msimu wa mvua unajaza matope kwenye kichochoro chako.

Ndiyo maana naamini swali la kwanza la mtu anayetaka kufungua banda lisiwe bei ya mashine. Liwe: hapa mtaani kuna saa ngapi za kiti ambazo hazijapata pa kukaa?

Nirudi kwenye pedi, kwa sababu ndizo zinazotafuna banda kimyakimya. Siku moja nilikaa na fundi akifungua pedi ya PS4. Chini ya kijiti cha kushoto mna visanduku viwili vidogo vya plastiki, kimoja cha kusoma mbele na nyuma, kingine cha kusoma kulia na kushoto. Ndani ya kila kimoja kuna utepe mweusi wa kaboni, mfupi kuliko kucha ya kidole gumba, na ulimi mwembamba wa chuma unaoteleza juu yake kila kijiti kinaposukumwa. Kwenye pedi ile ulimi ulikuwa umechimba njia. Utepe ulikuwa na mstari uliopauka katikati na vumbi jeusi pembeni. Utepe ukifika hapo, mashine inadhani kijiti kimesukumwa wakati hakuna aliyekigusa, na beki anaanza kutembea mwenyewe kuelekea nje ya uwanja. Nyumbani pedi inaweza kukaa miaka bila kufika hapo. Bandani, mpira ukichezwa saa nne hadi nane kwa siku na vidole vyenye mafuta ya chipsi, ni miezi. Mwenye banda asiye na pedi za akiba anapoteza kiti kizima kwa sababu ya kipande kidogo kuliko punje ya hindi.

Umeme nao una mambo yake. Kukatika ni hasara ndogo kuliko kurudi kwake, kwa sababu ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza sehemu ya kuchomekea waya wa HDMI au runinga yenyewe. Kilinda umeme kwenye kila kiti si anasa. Halafu kuna wakati giza linakaa. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, mabanda yaliumia kwa sababu umeme ulikatika hata jioni, na jioni ndiyo saa ya kuuza. Jenereta dogo linakunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa. Lita ikiwa karibu 3,000 na viti vinne vikiwa vimejaa vinaleta 6,000, unaweza kuliwasha. Vikijaa viwili, unachomea petroli wateja wacheze bure.

Ukutani kwa mdogo wangu kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: "Umeme ukikatika kipindi cha kwanza, mechi inarudiwa bure. Ukikatika kipindi cha pili, anayeongozwa analipa." Ilibidi iandikwe. Kabla yake kila giza lilikuwa ugomvi, na kijana mmoja aliyekuwa amefungwa tatu bila alikuwa akishangilia kuliko aliyeshinda. "Kaka, mechi haijaisha ile!" Na kweli haijaisha.

Mtu wa hesabu ataniuliza mashine zitaishi kweli miaka mitatu. Zinaweza kuishi, ukiondoa vumbi kila mwezi na kubadilisha pesti ya kupoza inapokauka. PS4 inayonguruma kama ndege inaomba msaada. Ila mashine ya banda hufa kwa namna nyingine, huku bado inawaka. Wachezaji wa mpira wanataka vikosi vya msimu huu. FIFA 14 ilikuwa ya mwisho kutoka kwa PS2, FIFA 19 ya mwisho kwa PS3. Baada ya hapo mwenye PS3 alibaki na mashine nzima isiyo na msimu mpya, na wateja wake wakahamia kwa mwenye PS4 bila hata kuaga. PS4 ilitoka Novemba 2013, na gemu ya EA Sports, ambayo tangu 2023 haiitwi tena FIFA bali FC, iliendelea kuipata hadi FC 26 ya mwaka 2025. Ni umri mkubwa sana kwa mashine. Anayenunua PS4 nne leo kwa hesabu ya miaka mitatu ajue ananunua kitu kilicho jioni ya maisha yake, apunguze miaka au ashushe bei anayokubali kulipa. Mabanda ya PS2 bado yapo, ndiyo, kwa watoto na kwa mafundi wanaoingiza vikosi vipya kwenye gemu za zamani, lakini bei ya mechi pale imeshuka na haipandi.

Na kompyuta je? Wengi wanaona kwenye YouTube kumbi za Asia zenye kompyuta zinazowaka taa za rangi, wanataka hivyo hapa. Kwa mtaa wa kawaida nashauri wasianzie huko. Kompyuta yenye kadi ya picha ya maana ni ghali kuliko PS4 na inakula umeme zaidi ya mara mbili. Gemu zake kubwa za timu, kama Dota 2 na Counter-Strike, zinachezwa mtandaoni kupitia sava, yaani kompyuta kuu zinazounganisha wachezaji, na sava za karibu za kampuni ya Valve ziko Afrika Kusini na Dubai, mbali kiasi kwamba mchezaji anapigwa kabla hajaona aliyempiga. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: kompyuta moja inakalisha mtu mmoja anayeangalia kioo chake, wakati runinga moja ya PS4 inakalisha wawili, na nyuma yao inawasimamisha watano wanaosubiri kumtoa mshindi. Foleni hiyo ndiyo mauzo ya saa inayofuata.

Mahali kompyuta zinapopata riziki ni karibu na vyuo, zikiwa na kazi mbili. Mchana ni steshenari: kuchapa, kuskani, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB. Usiku ni gemu. Saa zilizokufa zinapata mteja mwingine, na kodi ya fremu inalipwa na watu wasiojua hata pedi inashikwaje.

Kuna wanaosema simu itaua mabanda kama ilivyoua intaneti kafe. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu niliona kafe zikifa. Mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ulifika Dar es Salaam 2009, intaneti ikawa nafuu, na badala ya kafe kunenepa, simu zikaingia mifukoni na kafe zikafungwa moja baada ya nyingine. Watu hawakuacha intaneti, waliacha kiti. Leo kijana anacheza Free Fire kitandani kwa simu yake bila kumlipa mtu. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akija bandani kuendesha magari ya GTA peke yake kwa dakika thelathini, huyo mhesabu kuwa ameshaondoka.

Lakini angalia Korea Kusini, nchi ambayo intaneti iko kila nyumba. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997 watu waliopoteza kazi walitafuta biashara ya mtaji wa kati, gemu ya kompyuta ya StarCraft ikatoka 1998, na ndani ya miaka michache nchi ilikuwa na kumbi za kompyuta zaidi ya 20,000. Zimepungua sana tangu hapo. Zilizobaki zinaishi kwa kuwa na vifaa bora kuliko vya nyumbani, kwa marafiki kukaa pamoja, na kwa chakula: mchezaji anaagiza tambi za moto na kinywaji bila kuinuka, na jiko linabeba sehemu kubwa ya faida. Sisi huku tunamwachia muuza chipsi ng'ambo ya barabara faida hiyo yote. Friji ndogo ya soda na maji ya baridi ndani ya fremu yenye watu ishirini wanaotokwa jasho ni jambo ambalo sielewi kwa nini mabanda mengi hayana.

Sasa msimamizi. Wengi humpa kijana banda kwa mtindo wa hesabu, kama bodaboda: alete 20,000 kila jioni, kinachozidi chake. Mwenye banda analala usingizi, haibiwi. Lakini kijana wa hesabu hana uchungu na pedi, haondoi vumbi, hazimi mashine ikinguruma, na Jumanne saa nne asubuhi akiona hesabu haijatimia ataingiza yeyote mwenye 500. Anayepatikana saa hiyo ni mtoto aliyevaa sare ya shule.

Hapa siwezi kuzungusha maneno. Saa za mchana zimekufa kwa sababu wateja wako wengi wako darasani, na inapaswa ziwe zimekufa. Nimemwona mama akiingia fremu kama hiyo saa tano asubuhi na kanga yake mabegani, hakusema kitu, akamwangalia tu mwanawe hadi mtoto akaweka pedi chini. Banda lililofika hapo lina siku chache mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mtaa ukishalipa jina la kijiwe cha wahuni, hata wazazi waliokuwa wakiwaruhusu watoto wikiendi wanafunga mlango. Mlipe msimamizi mshahara, sare isivuke kizingiti, na hasara ya asubuhi uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kama tulivyofanya juu.

Jambo jingine la kukaa nalo macho ni kubeti. Wachezaji wawili wakiwekeana elfu tano mezani, inaanza kama utani. Mwenye banda akianza kushika dau na kukata chake, ametoka kwenye gemu na kuingia kwenye michezo ya kubahatisha, yenye sheria yake ya mwaka 2003, Bodi yake, leseni zake na sharti la miaka 18. Tayari watu wanachanganya mabanda ya gemu na mashine za kamari za dubwi, usiwasaidie kuchanganya.

Kabla ya kufungua, mdogo wangu alinunua daftari la kurasa 40, akakaa karibu na banda lililokuwepo mtaa wa juu kwa siku 14, na kila saa akaandika viti vingapi vina watu na wangapi wanasubiri. Aliona kuanzia saa kumi na moja jioni walikuwa wanasubiri sita, saba, wengine wakichoka na kuondoka. Akafungua na mashine mbili, si nne. Ya tatu ilikuja mwezi wa nane, ya nne baada ya Idi, zote kwa pesa ya uchakavu na faida, bila mkopo. Daftari bado analo. Kwenye ukurasa wa Jumanne ya kwanza, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kuna sifuri tano zimefuatana, na pembeni yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameongeza juzi neno moja: "fotokopi?" Shule ya msingi iko mita mia mbili kutoka kwake, na walimu wanapanda bodaboda kwenda kudurufu mitihani.